Vidole kifuani, kisha wabishane

Walimu wenzangu, kwa wale wenye darasa la watoto sitini, wanne kwa benchi moja, jaribuni hili. Uliza swali lenye majibu matatu. Juzi niliuliza: hapa Goma maji yanachemka kwa digrii 100, zaidi, au chini yake? Wape dakika moja ya kimya kabisa. Kisha kila mmoja aoneshe jibu kwa vidole, mkono ukiwa umebanwa kifuani; akiuinua juu, jirani atamuiga.

Wengi walionesha 100, kama walivyokariri. Sasa mwambie kila mtoto amtafute jirani mwenye jibu tofauti, amshawishi. Waacheni wabishane kwa Kiswahili, hata kama somo ni la Kifaransa. Kifaransa kitakuja wakati wa kuandika. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi kitu, alimuuliza mwenzake: “Mbona maharagwe hapa yanakawia kuiva?” Benchi lote likageuka kumsikiliza. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu na digrii 95.

Rudia kura ya vidole. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kufundisha hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kama karibu wote wamepatia mara ya kwanza, songa mbele. Wakikosea karibu wote, fundisha upya kwanza, maana hapo hakuna wa kumshawishi mwenzake.