Ndugu yako akinywa kwa kujificha: namna ya kumrudisha barazani

Unguja na Pemba kunywa ni aibu ya mtu na ya jamaa zake wote, kwa hivyo mnywaji wetu mara nyingi haonekani. Hunywa chumbani, pwani usiku, au dago, kwenye kambi ya wavuvi, huko mbali na wanaomjua. Pombe humtuliza kwa saa chache, kisha ubongo uliozoea kutulizwa hugeuka: anaamka saa tisa usiku, moyo unamwenda mbio, asubuhi hata salamu ya jirani inamwelemea. Anajifungia ndani, na jioni anaitafuta tena chupa. Ukimnyang'anya chupa ukamwacha na upweke wake, hujamtibu.

Kabla ya lolote, jua anakunywa kiasi gani. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi, yaani karibu bia tatu, nacho hufichika mfukoni. Gongo haipimiki, kila mpishi na ukali wake, na ikiingia methanoli, kilevi chenye sumu, hupofua na kuua. Aliyekunywa gongo akasema anaona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiambiwe alale kwanza. Uliza pia: mikono inamtetemeka asubuhi mpaka apate funda? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Ikiwa inatetemeka, asiache ghafla. Hapa ndipo Ramadhani inapotukuta. Mwezi unaandama, mtu aliyekunywa kila siku mwaka mzima anaacha usiku mmoja, kwa nia njema kabisa. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza baina ya saa 6 na 24 tangu funda la mwisho. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na nyumbani watu wakasema kapandwa na shetani. Kusomewa kusizuiwe, lakini hospitali itangulie, maana hali hiyo huua. Mpelekeni kwa daktari mapema, tangu Shaabani. Atapangiwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Dawa hizo msizinunue wenyewe dukani. Zikichanganywa na pombe huzima pumzi. Unguja ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Pemba anzieni Chake Chake, Wete au Mkoani, palipo karibu.

Sasa kumwendea. Nenda baada ya laasiri, kabla hajaanza kunywa. Baada ya isha utazungumza na pombe. Nenda peke yako. Ujumbe wa ami wawili, shemeji na sheha humfanya ajione mshtakiwa, na atakubali kila kitu ili muondoke. Sema tu: "Kaka, sijakuona siku hizi, nimekuja kukujulia hali." Pombe usiitaje siku ya kwanza. Kaa nusu saa, uondoke ungali unatakiwa, na urudi siku ile ile wiki ijayo. Usipokwenda siku uliyoahidi, bora usingeahidi.

Ziara ya pili mpe kazi ndogo yenye mwisho: kushona wavu, kuanika karafuu, kumpeleka mtoto skuli. Anayeombwa msaada hutoka ndani kwa wepesi kuliko anayehurumiwa. Ujira usimpe mkononi kwa fedha taslimu. Mpe samaki au mchele.

Akishakuzoea, muulize wazi kuhusu pombe, na uulize hili pia: "Unapata fikra za kujiua?" Kuuliza hakumwingizii fikra hizo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni kamba, dawa za shambani na vidonge karibu naye, na mwende hospitali siku hiyo.

Kisha lipo suala la baraza gani. Kama baraza yake ya zamani ndiyo inayopitisha chupa gizani, hiyo si ya kurudi. Tafuta ya kahawa, bao au dhumna, na uwaonye mapema watu wawili wenye sauti pale: hakuna utani wa "leo umekuja mzima?" Neno moja kama hilo, watu wanacheka, naye harudi tena. Saa ngumu ni baina ya magharibi na saa nne usiku, basi hizo ndizo za kujazwa. Mchana hujijaza wenyewe. Kwa vijana wa mahoteli kipindi kigumu ni masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapofungwa na siku nzima haina mwenyewe.

Mwenye kuhitaji zaidi ya baraza apelekwe nyumba ya upataji nafuu, akae na waliopitia hayo hayo. Ila siku ya kutoka ipangwe kabla hajaingia: nani atampokea, atalala wapi, jioni saba za mwanzo atakuwa na nani. Sikukuu ya Idd ipangiwe vivyo hivyo, maana wengi waliojizuia mwezi mzima huangukia hapo. Akianguka, apigiwe simu kesho yake asubuhi na mtu yule yule wa siku zote, aulizwe amekula nini, na aitwe kazini kama kawaida.