Kabla ya Kujiunga na Mafunzo ya Mtandaoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Walimu na Watumishi wa Shule

Mwalimu anayeitwa semina mjini hujiandaa tangu siku mbili kabla: huomba ruhusa, hunyoosha nguo, humwachia mwenzake vipindi na huulizia posho. Mwalimu huyohuyo akiambiwa kwamba mafunzo yatafanyika mtandaoni, husubiri hadi zibaki dakika tano, kisha hushika simu yenye chaji ya asilimia kumi na tisa na kuanza kutafuta kiungo kati ya picha za harusi na salamu za asubuhi katika kundi la WhatsApp la shule. Mimi nimekuwa mwalimu wa namna hiyo, na baadaye, nikiwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi, nikawasimamia walimu wa namna hiyo. Ninayoyaandika hapa nimeyalipia.

Yaliyo wazi niyapite haraka. Jaza chaji usiku, kwa sababu hakuna aliyekuahidi umeme wa asubuhi. Tafuta visikilizio, hata vya bei ya chini kabisa. Pakua programu ya mkutano na uifungue siku moja kabla, maana programu hizi zina tabia ya kudai kusasishwa wakati ule ule unapozihitaji. Pima mtandao mahali utakapokaa, na ikiwa mahali pekee penye mtandao ni chini ya mwembe nyuma ya darasa la sita, peleka kiti huko kabla wanafunzi hawajakiwahi.

Kuhusu bando, soma masharti yake kabla ya kununua. Bando lenye gigabaiti nyingi kwa bei ndogo mara nyingi ni la usiku, na mafunzo hayafanyiki usiku. Saa moja ya mkutano wa video wenye watu wengi inaweza kula gigabaiti nzima, ilhali ukizima video na kubaki na sauti matumizi hushuka hadi makumi machache ya megabaiti. Kwa hiyo mwalimu mwenye bando dogo hana sababu ya kukata tamaa. Ajifunze tu kitufe cha kuzima picha kiko wapi, na ajifunze leo. Wenye vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu, wavikague mapema: je, nafasi ya kuhifadhi imejaa nyimbo na katuni za watoto wa nyumbani? Je, akaunti iliyofunguliwa ndani yake ni ya kwako au ya mtu mwingine? Swali hili la pili litarudi hapa chini kwa kishindo.

Uliza pia ni nani anayeendesha mafunzo na ni nani anayelipa. Katika nchi yetu mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, yana njia zinazojulikana: jumuiya ya ujifunzaji shuleni kwako, yaani walimu wa shule moja wanaokutana kujifunza pamoja, Kituo cha Walimu, na mfumo wa kujifunzia wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Taarifa zake hupitia kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, kwa barua. Kiungo kilichotumwa na mtu usiyemjua, kinachoahidi cheti baada ya saa mbili na kuomba utume fedha kwa simu ili jina lako lihifadhiwe, kiache kama kilivyo. Wenzetu wa Kenya wanalijua suala la gharama vizuri, kwa sababu mpango wa mafunzo endelevu uliozinduliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu mwaka 2021 ulimtaka mwalimu mwenyewe alipe shilingi 6,000 za huko kwa mwaka, na vyama vya walimu vikaupinga vikali. Hata pale ambapo hakuna ada, bando ni gharama. Ulizeni katika kikao cha walimu kama shule inaweza kuchangia, na muulize kabla, maana fedha iliyokwisha kutumika mtumishi huwa haoni wa kumdai. Posho ya mtandaoni sijawahi kuiona, na chai huja na thermosi yako mwenyewe.

Fomu ya kujiandikisha ikiomba jina, shule na cheki namba, yaani namba yako ya utumishi kwenye mfumo wa mishahara, huenda mwandalizi anazihitaji. Ikiomba nywila ya barua pepe yako au namba ya siri ya simu, funga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haimrudishii mwalimu mshahara uliokwisha kuhamishwa.

Saa nazo ziangaliwe. Barua ikiandika 8:00, ni saa mbili asubuhi. Nimeshuhudia walimu wazoefu wakifungua simu zao saa nane mchana na kukuta mkutano umekwisha tangu saa sita. Andika saa kwa maneno pembeni ya barua kabla hujaibandika ubaoni. Kama mafunzo yanaendeshwa kutoka nje ya nchi, hesabu upya kila mara: saa 10:00 ya London ni saa saba mchana kwetu wakati wa baridi yao, lakini ni saa sita mchana kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Juni, tuliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu ufundishaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Tulikuwa walimu kumi na saba. Shule haikuwa na kompyuta inayofanya kazi, lakini mwenzetu mmoja aliazima kompyuta mpakato ya mwanawe aliyekuwa mwaka wa pili wa chuo, nasi tukapata projekta kutoka Kituo cha Walimu. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, aliona hakuna sababu ya watu kumi na saba kununua bando kumi na saba ilhali ukuta wa kuangalia ni mmoja. Tulichanga shilingi elfu moja moja, tukanunua bando moja kubwa na mkate, tukafunika madirisha ya darasa la saba kwa kanga ili picha ionekane. Nilitoa daftari la mahudhurio, kila mmoja akasaini asubuhi na mchana, siku zote mbili. Nilijiona nimejipanga.

Yalikuwa mafunzo mazuri. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, mama aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, alisimama mbele ya kamera na kuonyesha namna anavyowafundisha watoto kuunganisha silabi kwa kutumia vizibo vya soda, na mwezeshaji akamwomba arudie ili washiriki wa shule nyingine waandike. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwezeshaji alikuwa akimwita kwa jina la kiume. Sisi tulidhani ni mtandao. Kumbe akaunti iliyokuwa wazi katika ile kompyuta ilikuwa ya yule kijana wa chuo, na kwa mfumo ule shule yetu nzima, walimu kumi na saba na mwalimu mkuu wao, ilikuwa ni yeye peke yake.

Siku ya pili, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, mwandalizi aliweka kiungo cha fomu ya mahudhurio katika dirisha la ujumbe. Dirisha hilo sisi tulilifunga tangu asubuhi kwa sababu lilikuwa linaziba slaidi. Tulipoambiwa na jirani zetu wa shule ya pili kwa simu, fomu ilikuwa imebakiza dakika sita. Wa kwanza alijaza kwenye kompyuta. Wa pili alipojaribu, fomu ilimjibu kwamba akaunti hii imekwisha kujaza. Tukaanza kukihamishia kiungo kwenye simu kwa kusomeana herufi moja moja, kubwa na ndogo, mistari ya juu na ya chini, na kabla hata mmoja hajakimaliza fomu ikafungwa.

Kilitoka cheti kimoja. Kilikuwa na jina la kijana ambaye hajawahi kushika chaki.

Niliandika barua, nikaambatisha nakala ya daftari lenye saini zote. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, tena la heshima: mfumo huhesabu akaunti zilizoingia na muda ambao kila akaunti ilikaa ndani, na kwa kumbukumbu zao shule yetu ilikuwa na mshiriki mmoja. Tulirudia mafunzo yote likizo ya Desemba, kila mtu na simu yake. Yule mama wa darasa la kwanza nilipompelekea habari alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, mimi sikuwepo?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa daftari langu lilisema alikuwepo na vizibo vyake vya soda vilikuwa bado mezani.

Elewa basi jinsi mfumo unavyofanya kazi. Programu ya mkutano haioni nyuso zilizo mbele ya projekta. Inaandika akaunti, saa iliyoingia na saa iliyotoka. Ukikaa saa nne chini ya jina la mwenzako, umemfanyia mwenzako saa nne za kazi. Kama shule yenu itakaa pamoja, mwalimu mkuu amwandikie mwandalizi kabla ya siku yenyewe, aulize kama kukaa pamoja kunaruhusiwa na mahudhurio yatachukuliwaje, na jibu liwe la maandishi. Wakikataa, au wasipojibu, kila mwalimu aingie kwa simu yake mwenyewe akiwa amezima picha, huku macho yote yakibaki kwenye ukuta. Kwa kufanya hivyo hataunguza bando kubwa. Ila sharti simu zote zizimwe vipaza sauti na pia sauti ya kutoka, ibaki kompyuta moja tu inayosema na kusikika. Vifaa viwili vikisikilizana katika chumba kimoja hutoa mwangwi na mlio ambao utawafukuza hadi wa shule nyingine.

Jina linaloonekana kwenye mkutano libadilishwe kabla ya kuingia. Nimeona washiriki walioitwa "Mama Junior", nimeona walioitwa "TECNO", na nimemwona mmoja aliyekuwa nukta tatu tu. Andika majina yako kama yalivyo kwenye taarifa za mwajiri, kwa mpangilio uleule, na walimu wa kike mliobadilisha jina baada ya ndoa mkumbuke kwamba cheti kikitoka na jina la mume ilhali taarifa za utumishi zina jina la baba, kazi ya kukioanisha itakuwa yenu. Barua pepe uliyojiandikisha nayo ndiyo uingie nayo siku zote mbili. Mpeni mtu mmoja, asiyesinzia, kazi ya kulinda dirisha la ujumbe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kiungo cha mahudhurio kikitokea akirushe hapohapo kwenye kundi la shule. Jaza, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha kwamba fomu imepokelewa, na usiifute hadi uwe na cheti mkononi. Daftari la saini nalo msiliache. Halikunisaidia, lakini bila hilo hata barua nisingeweza kuandika.

Mnaoandaa mafunzo wenyewe shuleni au kwenye kata, mjue kwamba akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kundi baada ya dakika 40 na ile ya Google Meet baada ya dakika 60. Pangeni mada ziendane na muda huo, au mtafute akaunti ya kulipia. Na kiungo cha mahudhurio kitolewe katikati ya mafunzo, na tena mwishoni, kikae wazi hadi jioni. Mtu wa kijijini anayepanda kichuguu kutafuta mtandao hawezi kushindana na dakika sita.

Watumishi wasio walimu husahauliwa mara nyingi. Karani, mhasibu na matroni nao huitwa mafunzoni, hasa pale mfumo mpya wa fedha au wa takwimu unapoanza kutumika, na wao huyafuatilia wakiwa ofisini, mlango wazi, mzazi mmoja akidai risiti na mwingine akidai uhamisho. Bandikeni tangazo mlangoni. Vivyo hivyo kwa mwalimu: aliye kwenye mafunzo awekewe mtu wa kushika vipindi vyake na asipangwe zamu siku hiyo, kwa maana wanafunzi wakimwona amekaa na simu masikioni hawajui kama yuko kazini, na baadhi ya wazazi wapitao hawajui pia.

Mengine ni ya tahadhari tu. Usielekeze kamera kwa wanafunzi bila ruhusa. Usikae na dirisha nyuma yako, utaonekana kivuli. Cheti kikija, kitume kwenye barua pepe yako na uchape nakala, kwa sababu simu huibwa na makundi ya WhatsApp hufutwa. Kabla ya kusema lolote juu ya mafunzo yenyewe, hakikisha umekwisha kutoka na siyo kwamba umegeuza tu simu kifudifudi. Nimemsikia mwalimu mkuu mmoja akieleza maoni yake kuhusu mwezeshaji, kwa sauti iliyonyooka kabisa, mbele ya washiriki zaidi ya mia moja na mwezeshaji mwenyewe.