Kruzi imefutwa? Namna makuta ya wazazi wetu yalirudi, na namna yako yatarudi

Jambo kwenu wote. Tangu niliposema hapa kwamba makuta, ni kusema pesa, ya wazazi wetu yamerudi, watu wananiandikia mmoja mmoja, leo yaya wa Ruashi, kesho mama wa Kampemba, na wote wanauliza paka jambo moja: kampuni ya meli ikifuta safari inalipa nini, na unafanya nini ili uipate. Basi naandika mara moja kwa wote.

Kisa chetu kwanza. Yaya wetu wa Bruxelles alilipia wazazi kruzi, ile ya kulala mu meli na kuzunguka miji, siku 7, kupandia Barcelona, kwa sababu walitimiza miaka 40 ya ndoa. Makuta tulichanga sisi watoto 5, wengine tulitoa dola mkononi hapa Lubumbashi, yaya akalipa na karte yake ya banki. Viza ikatoka, mama akashonesha maliputa matatu, tike ya ndege ya kutoka Luano iko tayari, halafu zikibaki siku 19 imeili ikaingia: safari imefutwa, meli iko na shida ya mashini. Mama alilia.

Ile imeili, jina la kampuni nalinyamazia, ilikuwa na kifungo kikubwa cha rangi cha kuchukua boni ya safari ingine, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, mstari mmoja tu wa kusema unaweza pia kuomba makuta. Mdogo wetu akabonyeza kile kikubwa. Miezi 4 tulipigana kurudi nyuma kwa kidole kile kimoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza nitaishikilia sana.

HATUA YA 1: USIBONYEZE KITU.
Soma imeili yote, mpaka chini, tafsirisha kama lazima. Mara nyingi kampuni inakupa vitu vya aina tatu. Kuna makuta yenyewe kurudi. Kuna boni, ni kusema krediti ya kununulia safari ingine kwao. Na kuna krediti ya kutumia ndani ya meli, kama kinywaji ao matembezi, ile inakusaidia paka ukipanda tena.

Boni inapambwa sana. Mwaka 2020 korona iliposimamisha meli (CDC, ofisi ya Marekani ya kuzuia magonjwa, ilitoa amri tarehe 14 Machi 2020) kampuni ya meli Royal Caribbean walisema: chukua makuta yako asilimia 100, ama boni ya asilimia 125. Carnival, kampuni ingine, wao waliweka boni ya asilimia 100 pamoja na dola 300 ao 600 za kutumia ndani ya meli, kufuatana na urefu wa safari. Kwa mtu wa Miami mwenye kupanda meli kila mwaka, ile 125 ni nzuri kweli. Ulilipa dola 1,000, sasa una 1,250.

Lakini fikiria wewe wa Katuba. Boni iko na tarehe ya kuisha. Mara nyingi iko na jina la msafiri, huwezi kumpa mtu mwingine. Mara nyingi inalipa bei ya kabini tu, si kodi za bandari. Na ili uitumie unarudilia viza, ile ya Schengen, inchi za Ulaya zenye viza moja, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudi hata wakikukatalia, tena kama meli inatoka Schengen kwenda Tunis halafu inarudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kwa sisi wa huku, asilimia 100 mkononi inashinda 125 mu karatasi. Hilo nalisema bila kusitasita.

HATUA YA 2: NANI ALILIPA, NA KARTE GANI?
Hapa njo watu wetu wengi wanapotea. Kampuni inarudisha makuta mahali yalipotoka, ku karte ile ile. Haijali nani alichanga. Wewe ulimpa shemeji dola 1,500 mkononi, shemeji akalipa na karte yake, basi makuta yatarudi kwa shemeji. Kama mlilipa kupitia ajansi ya mjini na ajansi ikatumia karte yake, yatarudi kwa ajansi, na pale unaanza safari ya pili ya kufuatilia.

Andika leo, mbele ya kitu chochote kufutwa: nani alitoa ngapi, tarehe gani, nani mwenye karte, tarakimu 4 za mwisho za karte. Sisi tulikuwa na daftari ya baba yenye majina yote matano, makuta yakarudi mikononi bila maneno mu famii. Na kama ni ile karte ya prepeidi ya banki ya hapa, usiitupe hata ikiwa tupu! Karte ikiisha muda, enda ku banki uulize makuta yakirudi yataingia ku konti gani, halafu uandikie kampuni mapema.

HATUA YA 3: SHERIA YA WAPI INAKULINDA.
Haifuati pasipoti yako. Inafuata mahali safari iliuzwa na mahali meli inatokea.

Ikiuzwa Ulaya, kruzi inahesabiwa kama pakeji kwa sababu usafiri na malala viko pamoja. Sheria ni direktive 2015/2302 ya Umoja wa Ulaya, inatumika tangu tarehe 1 Julai 2018: mwandaaji akifuta, anarudisha makuta yote, mu siku 14. Unaweza hata kudai fidia juu yake, isipokuwa kama sababu ni jambo kubwa lisiloepukika, kama vita ao ugonjwa wa kuenea. Mashini mbovu? Pale bishana. Na wakikuambia ni boni tu, wakumbushe kwamba mwezi wa Juni 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi: kurudisha ni makuta, boni ni ikiwa tu msafiri mwenyewe amekubali. Mstari huo njo ulifungua mlango wetu. Yaya aliuandika mu barua ya tatu, siku 11 baadaye wakalipa. Uingereza nao wana siku 14 mu sheria yao ya pakeji ya 2018.

Meli ikitoka bandari ya Marekani, tume yao ya bahari, FMC, ina kanuni tangu 2022: safari ikifutwa, ama kupanda kukicheleweshwa siku 3 ao zaidi na wewe ukaamua kutokwenda, una haki ya makuta yote, na wanalipa mu siku 60 tangu uombe. Tazama vizuri: tangu UOMBE. Ukinyamaza, hesabu haianzi. Na kuomba kwenyewe kuna mwisho, usipite siku 180 tangu tarehe meli ilikuwa itoke.

Kuna pia hati ya haki za abiria ya CLIA, umoja wa kampuni za kruzi, ya Mei 2013. Ilitoka kisha meli Carnival Triumph kuungua mashini mu Ghuba ya Meksiko, Februari mwaka ule, watu wakakaa siku kadhaa bila vyoo vya kufaa mpaka meli ikavutwa Mobile, Alabama. Wale walirudishiwa makuta, wakapewa boni, ndege ya kurudi, na dola 500 kila mmoja. Hati inasema mashini ikifanya safari ifutwe, makuta yote yanarudi. Safari ikikatwa katikati kwa mashini, sehemu inarudi, na kampuni inakufikisha kwenu.

HATUA YA 4: HESABU VYOTE.
Usiombe bei ya kabini tu. Kodi za bandari, matembezi uliyolipia mbele, pakeji ya vinywaji, intaneti, baksishi zilizokatwa mapema, hivyo vyote virudi. Ndege ni habari ingine. Kama ulinunua ndege kwa kampuni ya meli, wao wanashughulika nayo. Kama ulijinunulia, kampuni kadhaa zimewahi kulipa gharama ya kubadilisha tike, mpaka dola 200 kwa ndege za ndani ya Marekani na 400 za kimataifa, lakini lazima uonyeshe risiti. Kwa hiyo usifute tike ya ndege kwa hasira siku ile ile, uliza kwanza kubadilisha tarehe kunagharimu ngapi. Viza na oteli, peleka ku asiransi kama uliinunua.

HATUA YA 5: ANDIKA.
Si simu. Simu inasahaulika. Kifaransa ao Kiingereza, mistari sita inatosha: namba ya rezervasyo, tarehe ya safari, majina kama yalivyo mu pasipoti, "mmefuta nyinyi, si mimi", "sikubali boni, naomba makuta yote ku karte iliyolipa", jumla yenyewe, na siku za sheria. Bandika risiti na bordero ya banki. Piga kapture, ni kusema picha ya ekra ya simu, ya kila kitu, pamoja na ile ukurasa wenye kusema safari imefutwa, kwa sababu kisha siku chache inaondoka. Tuma tena kila siku 7, kwa heshima, bila matusi.

HATUA YA 6: WAKIKATAA.
Mwenye karte aende kwa banki yake aombe kurudishiwa malipo kwa huduma ambayo haikutolewa. Ku Visa na Mastercard muda ni mara nyingi siku 120, kwa hiyo usilale ukingoja ahadi. Kama mwenye karte yuko Uingereza na ni karte ya krediti, kuna kifungu cha 75 cha sheria yao ya 1974, kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, banki inajibu pamoja na muuzaji.

Nimemaliza, ulizeni.

---

Mama wa Kamalondo: Aksanti mingi mudogo wangu. Mimi nililipa mu ajansi, makuta mkononi, sasa banasema "tungojee kampuni". Ni mwezi wa pili. Nifanye je?

Jibu: Pole mama. Waombe namba ya rezervasyo, ni haki yako, halafu ingia mwenyewe ku saiti ya kampuni na namba ile pamoja na jina lako. Utaona kama safari ililipwa kweli na kama makuta yamesharudishwa. Kama yamerudi, piga kapture, enda nayo ku ajansi pamoja na risiti yako yenye muhuri. Enda na mtu mwingine, musizungumuze peke yenu wawili. Na kama namba hawana kabisa, mama, nisamehe kusema, basi hapo shida si ya meli tena.

Muzee wa Katuba: Yetu haikufutwa. Iliruka bandari mbili, tukakaa ku maji siku mbili bila kushuka. Watalipa?

Jibu: Muzee, kwa jambo hilo wanalipa kidogo sana. Kontra karibu zote zinaruhusu kapiteni kubadilisha bandari kwa upepo ao usalama. Kinachorudi kwa kawaida ni kodi ya zile bandari na matembezi uliyonunua kwao. Tazama konti yenu ya ndani ya meli, pengine walishaiweka pale. Kama safari iliuzwa Ulaya na mabadiliko yalikuwa makubwa kabisa, unaweza kuomba bei ipunguzwe, mimi ningejaribu.

Kijana wa Kenya (komine, si inchi): Mi niko nataka ile ya Durban, tunapita Kasumbalesa tunashuka na barabara. Sheria ya Ulaya inafika kule?

Jibu: Hapana, ukinunua Afrika Kusini unafuata ya kwao. Sheria ya walaji namba 68 ya 2008, kifungu cha 47: muuzaji akichukua rezervasyo halafu akakosa nafasi ya kukupa, anarudisha makuta pamoja na riba, na gharama zilizotokana moja kwa moja na kosa lake, isipokuwa kama sababu iko nje ya uwezo wake. Chunga risiti za mafuta na za oteli za njiani. Na kifungu cha 17 ukijue: msafiri akifa ao akilazwa, hawaruhusiwi kukata penalti ya kufuta.

Yaya wa Golf: Na kampuni yenyewe ikikufa?

Jibu: Ilitokea, yaya. Cruise & Maritime Voyages ilianguka Julai 2020, Crystal ikasimama mwanzo wa 2022. Kuna pia ile kruzi ya miaka 3, Life at Sea, ilifutwa Novemba 2023 kwa sababu meli yenyewe haikupatikana, watu walikuwa wameshauza nyumba, wakaambiwa watalipwa kidogo kidogo. Kampuni ikifa, boni ni karatasi tu, hiyo njo sababu ingine ya kuchukua makuta mapema. Unadai kupitia mfuko wa dhamana: Ulaya pakeji lazima iwe nayo, Marekani kampuni za meli zenye vitanda 50 na zaidi zinalazimishwa kuweka dhamana kwa FMC. Na banki ya karte. Ukinunua, uliza dhamana iko wapi, wakishindwa kujibu usilipe avansi.

Dada wa Bukavu: Sie huku meli ni ya kwenda Goma tu, juzi waliifuta tukiwa tumeshafika na mizigo. Ile ya Ulaya ya dakika 90 haitugusi?

Jibu: Haitugusi dada. Ile ni kanuni 1177/2010, ya feri za bandari za Ulaya: ikifutwa ao ikichelewa zaidi ya dakika 90 unachagua kupelekwa kwa njia ingine ao makuta mu siku 7. Hata kruzi za kule kule ziko nje ya sehemu hiyo. Ziwani kwetu shika tike mkononi, usiwape ukiambiwa "tutaandika jina lako", enda ku dirisha ulipolipia siku ile ile, na mukiwa kumi mnaoomba pamoja wanasikia kuliko mmoja. Mizigo mlirudishiwa?

Dada wa Bukavu: Ndiyo, yote. Tike bado ninayo, kesho asubuhi naenda na wenzangu.