Kufunga kalipa na mipira ya breki kwenye Peugeot 504 iliyolala muda mrefu

Peugeot 504 ilitoka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Ukiipata hapa Unguja au Pemba, injini yake utaiamsha. Kitakachokupa kazi ni breki, kwa sababu hewa ya bahari inakula chuma kwa nje, na oili ya breki inanyonya unyevu kwa ndani. Nitaeleza breki za mbele tu: kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, na mipira, yaani mabomba laini ya raba yanayopeleka oili kwenye kalipa. Nitakawia zaidi kwenye mipira, kwani hapo ndipo gari nyingi zilizofufuliwa vizuri huharibiwa mwishoni.

Kabla ya kununua mipira au nati zake, hakikisha thredi, ile mikato ya kuzungusha. Gari za Ufaransa na Japani kwa kawaida ni za milimita: M10, yaani unene wa milimita 10, na hatua (nafasi kati ya mkato na mkato) ya milimita 1. Gari nyingi za Uingereza za wakati ule ni za inchi: unene wa inchi 3/8, thredi 24 kwa inchi. Tofauti ya unene haifiki nusu milimita! Nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita, inachezacheza kidogo, halafu inaonekana imeshika. Siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, inachomoka. Chukua sampuli ya zamani uende nayo dukani, iwe Mwanakwerekwe au Kariakoo, na uijaribu kwa vidole: iingie mpaka mwisho, laini, bila kuyumba.

Hatua ya 1: Kufungua

Inua gari, iweke juu ya stendi. Tofali si stendi, ndugu yangu. Nati za paipu ya chuma inayoungana na mpira zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake, na utumie spana ya paipu, ile ya ringi yenye mdomo. Spana ya kawaida itazivunja kona. Kabla hujafungua paipu, kanyaga pedali taratibu mpaka pistoni zilizokwama zianze kusogea. Kalipa ikishatoka, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira, hata kama mpira wenyewe utautupa, maana mkono ukizoea utafanya hivyo siku nyingine kwa mpira mpya.

Hatua ya 2: Kalipa

Pistoni iliyobaki ndani itoe kwa upepo mdogo wa kompresa, ukiwa umeweka kipande cha ubao mbele yake. Vidole visiwepo hapo kabisa. Inaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Osha kwa spiriti. Petroli, dizeli na oili ya injini vinavimbisha raba za breki, kwa hiyo hata kitambaa kiwe safi. Mfereji wa sili, ile ringi ya raba inayozuia oili isivuje kando ya pistoni, usafishe kwa kijiti cha mti, usiukwaruze kwa bisibisi. Kisha pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu pale sili inapopita, nunua pistoni mpya. Kuipiga msasa kunaondoa kromiamu na kutu itarudi haraka. Sili mpya ilowanishe oili mpya ya breki, na pistoni uisukume kwa dole gumba, imenyooka.

Hatua ya 3: Kuirudisha

Futa diski kwa spiriti, maana diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Funga kalipa, kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari. Halafu angalia nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo uliobaki ndani ya oili: lazima iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha kalipa ya kulia na ya kushoto, na upepo hautatoka hata ukikanyaga mpaka magharibi.

Hatua ya 4: Mpira

Mpira wa zamani usiuamini kwa sura. Kwa nje unaweza kung'aa, kumbe ndani umevimba: oili inakwenda ukikanyaga, hairudi ukiachia. Gurudumu linabaki limeshikwa, linachemka, na gari linavuta upande.

Anza upande wa kalipa, kwa sababu ncha ile inazunguka pamoja na mpira wote. Weka washa mpya ya shaba kama mpira wako unatumia washa, kisha kaza. Ndipo upeleke ncha ya pili kwenye kishikio cha bodi. Shika kichwa cha mpira kwa spana moja, zungusha nati kwa spana nyingine. Ukitumia spana moja tu, mpira wote unajisokota. Mipira mingi ina mstari wa rangi ubavuni. Mstari huo ukikaa kama nyoka, legeza uanze tena. Paipu ya chuma ifungwe mwisho.

Sasa kata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, gurudumu likiwa linaning'inia, kisha urudie springi ikiwa imekandamizwa kwa jeki. Mpira usivutike wala usiguse tairi. Na usikubali fundi aubane kwa plaizi kuzuia oili. Unapasuka ndani, hutaona.

Hatua ya 5: Kutoa upepo

Tumia oili ya breki ya daraja la DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za sentigredi. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Ikidondokea rangi mpya, mwagia maji papo hapo.

Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe fungua nipeli, funga, ndipo aachie. Kwenye masta silinda ya zamani asifikishe pedali sakafuni, kwani sili zitapita penye kutu na kuchanika.

Washa injini, kanyaga kwa nguvu dakika nzima, na upitishe karatasi laini kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa, gari haitoki.

Pedi mpya zizoeze kwenye njia tulivu: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, mara kadhaa, ukiziacha zipoe kila mara. Baada ya wiki ondoa magurudumu, angalia viungo vyote na ubavu wa mipira. Ukiona umechubuka, rudia hatua ya 4 kabla gari haijatembea tena.