Kuondoa usuli kwenye data za eksirei za chuma cha Liganga

Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kimechanganyika na titani na vanadi. Kwenye data za ufyonzaji wa eksirei mchanganyiko huo unasumbua: ukingo wa titani (nishati ambapo ufyonzaji wake hupanda ghafla) uko 4966 eV (elektronivolti) na wa vanadi 5465 eV, kwa hiyo mawimbi ya titani, yaani mtikisiko wa ufyonzaji baada ya ukingo, hayajaisha vizuri, vanadi imeshaingia. Usuli ni mstari laini ambao mawimbi hayo yamekaa juu yake. Tanzania haina sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali za vipimo hivi. Sampuli husafiri, mafaili hurudi. Lakini uchambuzi wenyewe unaweza kufanyika hapahapa Mbeya au Iringa kwenye kompyuta mpakato, kwa programu za Athena au Larch. Zote ni za bure, na zikishawekwa hazidai intaneti.

Usiguse Rbkg, namba ya kudhibiti usuli, kwanza; tutaifikia. Anza na E0, nishati ya ukingo unayoichagua, maana hapo ndipo k (namba ya wimbi ya elektroni inayorushwa na atomu) inapohesabiwa kuwa sifuri. Programu hutafuta mahali mstari unapopanda kwa kasi, na vanadi iliyooksidika kabisa ina kilele kikubwa kabla ya ukingo, karibu 5470 eV. Programu hukidaka hicho ikidhani ndio ukingo. Iambie ichukue nusu ya kimo cha ukingo badala yake. Kwa oksidi utatua karibu na 5480 eV. Ukiamua hivyo kwa sampuli moja, fanya vivyo hivyo kwa zote.

Kisha mstari wa kabla ya ukingo. Kwa titani, −150 hadi −30 eV kwa kawaida inatosha. Kwa vanadi uangalie kwa macho: kama data zilipimwa kwa mng'ao (eksirei ambazo sampuli yenyewe hutoa), Kβ ya titani (4.93 keV) na Kα ya vanadi (4.95 keV) zinakaribiana kiasi kwamba kigunduzi hakizitenganishi. Masalia ya titani huinamisha sehemu hiyo, na mara nyingine huacha mawimbi madogo. Sogeza mipaka hadi mstari ufuate mteremko ulio jirani kabisa na ukingo, bila kugusa kilele cha mbele.

Sasa mwisho wa data. k = √(0.2625 × (E − E0)). Ukiweka E0 ya titani 4980 eV, ukingo wa vanadi unaangukia k ya 11.3 Å⁻¹ hivi. Simamisha splaini, mstari unaopindika unaochora usuli, kwenye 11, na sehemu ya kusawazisha kimo iishie kama 450 eV juu ya E0. Ukisahau, splaini itajaribu kupanda ukingo wa vanadi na kuharibu kila kitu nyuma yake. Wanaopima manganizi kwenye udongo mwekundu wana kikwazo hichohicho: chuma kinaanza 7112 eV, 573 eV tu baada ya ukingo wa manganizi.

Hapo ndipo Rbkg. Namba hii inasema chini ya umbali gani mawimbi yahesabiwe kuwa usuli. Chaguo-msingi ni 1.0 Å (angstromu). Idadi ya vifundo vya splaini (mahali inapoweza kupinda) ni takriban 1 + 2·Rbkg·Δk/π. Kwa Δk ya 11, Rbkg ya 1.0 inatoa vifundo 8, na 1.5 inatoa 11 au 12. Splaini yenye uhuru wa namna hiyo hula mawimbi ya oksijeni. Titani na oksijeni ziko karibu 2.0 Å, lakini kwa kuwa mchoro wa Fourier, unaogeuza mawimbi kuwa umbali, haujasahihishwa awamu, kilele huonekana karibu 1.5 Å. Vanadi yenye oksijeni nne, umbali wa karibu 1.7 Å, huonekana 1.3 hivi. Hapo hata 1.0 ni kukaribia mno, jaribu 0.8 au 0.9.

Nakili sampuli mara nne, weka 0.8, 1.0, 1.2 na 1.4, zichore pamoja kwa uzito wa k wa 2, kuanzia k ya 3 hadi 10. Kilele cha oksijeni kikianza kufupika, umeshapita. Rudi nyuma hatua moja.

Wengi wakiona kilele karibu 0.5 Å hupandisha Rbkg mpaka kizame. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Mara nyingi chanzo ni E0 mbaya, au splaini kuanzia k ya 0 mahali ambapo mstari mweupe (kilele kikali juu ya ukingo) ni mrefu. Anzisha kwenye 0.5 au 1. Au kuna nukta mbovu ya kuondoa. Kilele kidogo kikibaki na cha oksijeni hakitikisiki, kiache.

Mkia wa χ(k), yaani mawimbi yaliyobaki baada ya kuondoa usuli, ukipinda juu au chini, kaza kibano cha mwisho (clamp, kinachoishikilia splaini karibu na data); cha mwanzo kiache wazi. Lakini mawimbi yakiwa mafupi kila mahali kwa sampuli nene iliyopimwa kwa mng'ao, huo ni ufyonzaji wa sampuli yenyewe, na hakuna mpangilio wa usuli unaourekebisha. Saga upya, changanya na nitridi ya boroni, na uombe ipimwe tena.