Jinsi ya kuomba kumbukumbu za bibi aliyezaliwa kijijini

Bibi aliyezaliwa kijijini Tanzania miaka ya 1930 kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa. Daftari za kodi za wakati wa Mwingereza ziliandika jina la mume; mke alihesabiwa tu. Kaburi la mama yake nalo pengine lilibaki kwenye mahame, watu walipohamishwa kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Kwa hiyo usiombe kwa jina lake peke yake. Mtafute kupitia baba yake, mumewe na watoto aliowazaa.

Anza na wazee, kabla hujaandika barua yoyote. Usiwaulize alizaliwa mwaka gani. Uliza ilikuwa kabla au baada ya njaa ipi, mtemi au mangi alikuwa nani, mahari ilipokelewa na nani. Shangazi wanajua mambo ambayo baba zetu hawakuwahi kuyatia maanani. Andika jina la utotoni na la ubatizo. Mara nyingi ni mawili tofauti.

Kama alikuwa Mkatoliki, nenda parokiani. Hapo ndipo penye hazina. Chukua kitambulisho chako na barua ya utambulisho kutoka parokia yako, kisha uandike hivi:

“Tumsifu Yesu Kristo. Yah: Maombi ya dondoo za ubatizo na ndoa. Mimi ni mjukuu wa …, binti wa … na …, wa kigango cha …, aliyebatizwa kati ya mwaka … na …. Naomba kumbukumbu hizi kwa ajili ya historia ya familia.”

Ukishapewa nafasi, omba wakusomee na maandishi ya pembeni. Parokia inayofungisha ndoa hupeleka taarifa kule mtu alikobatizwa, nako huandikwa kando ya jina lake. Mstari mmoja unaweza kukuonyesha bibi alikotoka na alikoolewa. Ukikosa ubatizo wake, tafuta wa mtoto wake yeyote, maana jina la mama huandikwa. Vitabu vya zamani viko kwa Kilatini, na paroko akikukatalia kupiga picha, usibishane. Nakili kwa mkono.

RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, utaihitaji zaidi kwa vyeti vya vifo na vya watoto waliozaliwa baadaye.

Ukitaka habari za ukoo na watawala wa eneo, mwandikie Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, uombe kusoma nyaraka zilizoko Upanga, Dar es Salaam. Taja mada, miaka na wilaya kwa jina lake la wakati huo: Rombo ya leo itafute chini ya Moshi. Omba kwanza daftari za wilaya za wakoloni, zenye habari za koo, machifu na mila. Jina la bibi usilitegemee humo, ila la babu yake, kama alikuwa mchili au jumbe, yaani kiongozi mdogo chini ya chifu, huenda ukalikuta.