Namna ya kumweleza daktari wa meno hofu yako kabla hujafungua mdomo

Mgonjwa mwenye hofu namtambua kabla hajasema neno. Anakaa ukingoni mwa kiti, mkoba kaukumbatia, na nikimwuliza hali anajibu, "Salama tu, daktari." Naingiza kioo mdomoni, mikono yake inang'ang'ania kiti hadi mishipa inasimama. "Inauma?" Anatikisa kichwa: hapana.

Mimi ni daktari wa meno Dar es Salaam, na hiyo "hapana" hunipa kazi kuliko jino lenyewe. Wengi tumelelewa tukijua kwamba kumkatiza daktari ni kukosa adabu, na kwamba mtu mzima anavumilia. Basi mtu anavumilia, anaondoka na kumbukumbu mbaya, halafu harudi tena mpaka jino limeoza hadi kwenye mzizi. Hapo mara nyingi kuziba hakuwezekani tena, inabaki kung'oa, jambo lile lile alilokuwa akilikimbia.

Ukishawekewa pamba na mrija wa kunyonya mate huwezi kuzungumza. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinafanyika mdomo ukiwa bado ni wako.

Hatua ya 1: Ijue hofu yako ukiwa nyumbani

Kuna kipimo cha hofu ya matibabu ya meno kinachoitwa MDAS, kilichochapishwa mwaka 1995, chenye maswali matano. Ungejisikiaje kama kesho unakwenda kutibiwa meno? Ukiwa umekaa unasubiri kuitwa? Jino likikaribia kuchongwa kwa mashine? Ukikaribia kusafishwa meno? Ukikaribia kuchomwa sindano ya ganzi kwenye fizi? Kila swali jipe alama, 1 kama huna wasiwasi hata kidogo, 5 kama una hofu kubwa mno. Jumlisha. Ukifika 19 au zaidi, hofu yako ni kubwa na daktari anapaswa kuijua.

Angalia pia alama kubwa imeangukia wapi. Anayeogopa sindano hahudumiwi sawa na anayeogopa kupaliwa na maji, na wapo wasioogopa maumivu kabisa. Wanaona aibu meno yao kuonekana. Kama ni aibu, niamini: meno yaliyooza ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Hatua ya 2: Sema mapema, kwa maneno machache

Mwambie anayekupa miadi, au muuguzi kama uko kwenye foleni ya hospitali. Ukiingia ndani, sema kabla kiti hakijalazwa: "Daktari, kabla hatujaanza, naogopa sana sindano. Mara ya mwisho nilianza kung'olewa ganzi haijashika." Ni nusu dakika tu, hata siku yenye wagonjwa wengi inapatikana.

Taarifa hiyo ya mara ya mwisho ina uzito kitabibu. Jino lenye usaha hufanya nyama inayolizunguka iwe na asidi zaidi, na ganzi hudhoofika humo. Nikijua, naweza kuchoma sehemu nyingine mbali na usaha, au tukatibu maambukizi kwanza. Taja na presha, sukari, pumu, ujauzito, mzio na dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Na kama utachomwa ganzi ya kawaida, usije na njaa. Hofu ikikutana na tumbo tupu watu huzimia.

Hatua ya 3: Kubalianeni ishara ya mkono

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mkono wa kushoto ukinyanyuliwa, daktari anasimama. Nasema kushoto kwa sababu wengi wetu hukaa kulia kwako, tukiwa na vifaa. Usimshike daktari mkono; pengine ameshika sindano.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, aliletwa na gego la chini lililomnyima usingizi siku tatu. Akaniambia, "Nikiwa mdogo nilishikwa mikono na miguu nikang'olewa." Tukapatana ishara. Aliunyanyua mkono kabla sijagusa chochote, nikarudi nyuma. Akaunyanyua tena, nikarudi tena. Alikuwa ananipima kama natimiza ahadi. Baada ya hapo hakuunyanyua hadi jino lilipokuwa kwenye trei.

Ijaribuni mara moja kabla ya kazi kuanza. Daktari akikujibu "acha utoto", una haki ya kushuka kwenye kiti na kutafuta mwingine.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu ganzi, kisha ipime

Omba kupakwa dawa ya kufisha ganzi juu ya fizi kwanza kama ipo, na omba sindano isukumwe polepole. Dawa ikiingia kwa kasi ndiyo inayouma zaidi. Ganzi nyingi tunazotumia zina adrenalini, kwa hiyo moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache. Sema ukiusikia. Kwa kawaida hutulia wenyewe, lakini usiogope peke yako kimyakimya.

Taya la juu hufa ganzi haraka. La chini, upande wa magego, linaweza kuchukua dakika 5 hadi 10, na hapo ndipo haraka huharibu mambo. Nusu ya mdomo wa chini inapaswa kuwa nzito, kana kwamba imevimba. Kama bado ni nyepesi, sema: "Daktari, haijashika."

Kisha jifunze tofauti hii: ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo. Wakati wa kung'oa utasikia kusukumwa, kuvutwa, hata mlio wa jino likiachia. Hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia kuchoma au kitu kama shoti ya umeme, nyanyua mkono. Usiseme "kidogo tu". Kwangu "kidogo tu" maana yake ni kuongeza ganzi.

Hatua ya 5: Amua unataka kuelezwa kiasi gani

Wengine hutulia wakielezwa kila kifaa kabla hakijatumika. Wengine hutaka kufumba macho na kusikiliza redio. Mwambie upo upande gani. Mtoto naye usimwahidi "haiumi hata kidogo". Ikimuuma hatakuamini tena, wala hataniamini mimi.

Hatua ya 6: Kabla ya kuondoka

Mweleze kilichokusaidia na kilichokutisha, umwombe akiandike kwenye faili. Faili la yule dereva limeandikwa juu kabisa: "Mkono wa kushoto, simama." Aliporudi kuziba jino jingine, zamu haikuwa yangu. Mwenzangu alilisoma, akavuta kiti karibu, akamwuliza kabla ya yote, "Mzee, mkono ni huu?"